Alijuaje?

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi ambayo kijana yeyote wa bonde letu la Kilombero mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kuifanya akiwa amejikalia chini ya mwembe, nayo ni kuandika wasifu wa mwigizaji na kuuweka mtandaoni. Zamani wasifu uliandikwa na mwenye kalamu, ukasomwa na mhariri, ukapita kwa mchapaji, na kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya kukuna kichwa na kuuliza jambo. Leo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, humruhusu yeyote kuandika, na neno lililoandikwa kijijini Idete saa 3 usiku husomwa Muscat na Minnesota dakika hiyo hiyo. Uhuru huo naupenda na sitaki upunguzwe. Ninachokilalamikia ni jibu ambalo mwandishi hulitoa akiulizwa habari hizi kazipata wapi. Husema, "mtandaoni," kana kwamba Mtandaoni ni jina la mtu aliyekuwepo mambo yakitokea. Mimi nashikilia kwamba chanzo hakipimwi kwa ukubwa wa jina lake, wala kwa wingi wa waliokirudia. Hupimwa kwa swali la neno moja: alijuaje? Na swali hilo huulizwa upya kwa kila jambo, kwa sababu shahidi wa umri si lazima awe shahidi wa tuzo, na anayejua filamu alizocheza mtu anaweza asijue lolote kuhusu ndoa yake.

Tazama neno lenyewe. Chanzo, kabla hatujalipeleka vitabuni na magazetini, ni mahali mto unapoanzia. Watu wa Kilombero hawahitaji kuelezwa hili, kwa sababu bonde zima linakunywa na kulima kwa maji yanayoshuka kutoka Udzungwa. Ukiteka maji ya mto Lumemo sehemu kumi tofauti kule chini, umejaza ndoo kumi, lakini hujapata mito kumi. Kama juu kuna aliyevuruga tope, ndoo zote kumi zina tope lile lile. Ndivyo ilivyo kwa kurasa kumi zinazosema kwamba mwigizaji fulani alizaliwa mwaka fulani. Zisome vizuri uone maneno yanavyofuatana, hadi kosa la tahajia linajirudia pale pale. Mmoja aliandika, tisa wakanakili, na mwandishi wa wasifu anajigamba kwamba habari yake "imethibitishwa na vyanzo kumi". Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Mwandishi wa gazeti mwenye haraka huchukua mwaka huo kutoka Wikipedia bila kusema, halafu mwezi unaofuata mtu wa Wikipedia analitaja gazeti kuwa ndilo chanzo. Hapo uongo umepata wazazi wawili, na kila mmoja anamwelekezea mwenzake kidole. Siku hizi na mashine zinazojibu maswali hujifunza kutoka kurasa hizo hizo, kwa hiyo kosa la mtu mmoja lina safari ndefu kuliko zamani.

Tuchukue umri, maana ndio unaogombewa kuliko kitu kingine chochote katika maisha ya waigizaji wa kike. Hapa bondeni tuna somo zuri la namna tarehe ya kuzaliwa inavyojulikana. Tangu mwishoni mwa 1996, kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kimekuwa kikifuatilia kaya za vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga. Kwa miaka mingi wadodosaji walipita mlango kwa mlango kila baada ya miezi 4 wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani ameondoka. Kwa nini wasije mara moja kila baada ya miaka 10, wakaokoa mafuta ya pikipiki? Kwa sababu mama anayeulizwa mtoto wa miezi 2 alizaliwa lini hujibu kwa siku na saa, na akiulizwa kuhusu kijana wa miaka 19 hujibu kwa mafuriko, kwa mavuno, kwa mwaka alipofariki babu. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila la kwanza linabana zaidi. Sasa chukua cheti cha kuzaliwa ukiweke mezani, utaona kina tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Watu wengi husoma ya kwanza tu. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90, na anayechelewa hupita njia nyingine yenye viambatisho zaidi. Ikiwa tarehe hizo mbili zimepishana kwa mwezi mmoja, cheti ni shahidi aliyekuwepo. Zikipishana kwa miaka 18, cheti bado ni halali kisheria, lakini kwa mwandishi wa wasifu kinabeba kumbukumbu ya mtu iliyopigwa muhuri, na kadi ya kliniki iliyochakaa huenda ikakizidi nguvu. Tena Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba asilimia 13 hivi tu ya watu wa Tanzania Bara walikuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo si ajabu umri wa wasanii wetu ukawa na utata.

Kama kuna anayedhani utata huu ni mchezo wa mashabiki, akumbuke mwaka 2012. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili, mwigizaji Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, na mwigizaji Elizabeth Michael, tunayemjua kama Lulu, akafikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu akishtakiwa kwa mauaji. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18. Mawakili wake wakasema hajaifikisha, na kwamba kesi inapaswa kwenda mahakama ya watoto, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Suala la umri likapanda Mahakama Kuu, kisha likafika Mahakama ya Rufani. Fikiria hali hiyo: msichana aliyekuwa akionekana kwenye televisheni tangu utotoni, aliyeandikwa magazetini karibu kila wiki, ambaye nchi nzima iliona inamfahamu, na bado mawakili wa pande mbili hawakubaliani alizaliwa lini. Umaarufu wote ule haukumpatia hata shahidi mmoja wa ziada. Kurasa zilizoandika 18 siku hizo nyingi zilikuwa zimenukuu hati ya mashtaka, na hati ya mashtaka ni madai ya upande mmoja. Aliyeiandika naye alikuwa na lake la kujibu: alijuaje?

Kesi hiyo inatufundisha jingine, na hapa nitakaa kidogo. Januari 2013 shtaka lilibadilishwa likawa kuua bila kukusudia, na Lulu akapata dhamana. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu Dar es Salaam ilimtia hatiani kwa kosa hilo na kumhukumu kifungo cha miaka 2. Mei 2018 alitoka gerezani kumalizia adhabu kwa huduma kwa jamii. Sasa ingia mtandaoni usome wanavyoandika. Wapo wanaosema alifungwa "kwa mauaji". Neno moja limepotea, na lililopotea ndilo linalotenganisha makosa mawili ambayo sheria yetu inayatofautisha kabisa. Aliyeandika hivyo pengine hakukusudia ubaya. Alisoma habari ya 2012, akaiunganisha na ya 2017, akadhani shtaka ni lile lile. Gazeti alilosoma lilikuwa sahihi siku lilipotoka, na bado amekosea, kwa sababu gazeti la siku ya mashtaka haliwezi kuwa shahidi wa hukumu. Kwa hiyo ninaposema chanzo cha kuaminika, sina maana ya orodha ya magazeti mazuri na mabaya iliyobandikwa ukutani. Gazeti moja linaweza kuaminika Jumatatu kwa jambo hili na lisifae Jumanne kwa jambo lile. Na anayeandikwa hapa ni mtu aliye hai, anayetafuta kazi, mwenye familia inayosoma. Wikipedia yenyewe ilijifunza kwa kuumia: mwaka 2005 ukurasa wa Kiingereza wa mwandishi wa habari Mmarekani, John Seigenthaler, ulikaa miezi 4 ukidai kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na kuuawa kwa akina Kennedy, jambo la kubuni tupu. Baada ya aibu hiyo ndipo zikawekwa kanuni kali kuhusu wasifu wa watu walio hai.

Hapa najua kuna msikilizaji anayesema, mbona unazunguka, si tumuulize mwigizaji mwenyewe? Ana Instagram, ana chaneli yake, nani atamjua kuliko yeye? Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake naikubali. Mtu ndiye shahidi bora wa yale yaliyomo moyoni mwake: anajiita nani, anaamini nini, kwa nini aliacha kundi moja akajiunga na jingine. Mfano mzuri ni Lupita Nyong'o. Aliposhinda Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike tarehe 2 Machi 2014, kwa nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave, kulizuka ubishi kama ushindi ni wa Kenya au wa Mexico. Yeye mwenyewe amesema waziwazi kwamba ni Mkenya na ni Mmexico, na kwa suala la anavyojitambua hakuna mahakama ya kukata rufani. Lakini kwamba alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, hilo yeye hakulishuhudia, maana hakuna anayeikumbuka siku aliyozaliwa. Tunaliamini kwa sababu baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, ni mtu wa siasa ambaye kazi yake ya kufundisha El Colegio de México miaka hiyo inajulikana, na mambo hayo mawili yanashikana bila kunakiliana. Oscar nayo ina shahidi wake, ambaye ni kumbukumbu za waliotoa tuzo. Mtu mmoja, mambo matatu, mashahidi watatu tofauti. Na tuseme ukweli: katika biashara ambayo mwigizaji wa kike akifika miaka 30 huanza kupewa nafasi za mama mzazi, anayetaja umri wake ana sababu ya kuupunguza. Simlaumu, ningekuwa yeye pengine ningefanya hivyo hivyo. Ila shahidi mwenye faida katika jibu lake husikilizwa kwa sikio moja, na jingine linabaki mlangoni.

Wengine watanijibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ndiyo iliyouza magazeti ya udaku kwa miaka yote, na inapendwa kwa sababu inamwondolea msemaji mzigo wa kuthibitisha. Kwenye uchumba na fitina za mtaa inaweza kusaidia, maana inamtahadharisha mwenye nyumba. Kwenye wasifu haifai hata kidogo, kwa kuwa kinachothibitishwa na uvumi ni kwamba uvumi ulikuwepo, basi. Hata hivyo siungani na wanaosema magazeti ya udaku yatupwe yote. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa yakifika uwanjani. Yalipiga picha kwenye mazishi, kwenye uzinduzi wa filamu, kwenye kumbi, wakati magazeti yanayojiita makini hayakuona sababu ya kumtuma mtu. Picha ya uzinduzi yenye tarehe, ukumbi na watu waliohudhuria ni ushahidi mzuri hata ikiwa imechapishwa kando ya habari ya fumanizi. Gazeti la udaku linapokuambia mwigizaji alikuwa ukumbi fulani Jumamosi, mpiga picha wake alikuwepo. Likikuambia alichokuwa akifikiri usiku ule, hakuna aliyekuwepo.

Pingamizi gumu kuliko yote ni hili: ukidai ushahidi wa namna hii, utawafuta wanawake. Wanaume waliofanya siasa na biashara wana kumbukumbu rasmi, na wanawake waliocheza, walioimba na kuigiza walikumbukwa kwa mdomo, au wakaandikwa walipopata kashfa tu. Hili ni kweli na linauma. Hata katika Wikipedia ya Kiingereza, pamoja na juhudi za miaka mingi, wasifu wa wanawake ni kama mmoja kati ya watano. Jibu langu ni kwamba ushahidi wa mdomo ni ushahidi, ilimradi tuseme ulivyopatikana na tusiubebeshe zaidi ya unavyoweza. Shaaban Robert alipomwandika mwimbaji Siti binti Saad alizungumza na Siti mwenyewe angali hai, na msomaji wa kitabu anajua anasoma maneno yaliyotoka kwa nani. Mwaka wa kuzaliwa wa Siti hutajwa kuwa takriban 1880, na hiyo "takriban" ni uungwana wa mwandishi. Safari yake ya Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri haina haja ya takriban, kwa sababu kampuni ya santuri ilikuwa na vitabu vyake.

Sasa mlinganishe na mwimbaji Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013. Alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Waandishi wengi wakaishika kauli hiyo, wakahitimisha kwamba alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wengine wakaongeza mwaka kabisa, 1910, kana kwamba wameuona mahali. Lakini Unguja rupia iliendelea kutumika hadi ilipopokewa na shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1936. Kwa hiyo kauli ya rupia peke yake inasema alizaliwa kabla ya 1936, na wala haitupi zaidi ya hapo. Pengine alikuwa na miaka 100 na zaidi kama ilivyosemwa, lakini hilo lina haja ya shahidi mwingine. Mwandishi mwangalifu ataandika, "kwa kauli yake mwenyewe, alizaliwa zama za rupia," kisha ataeleza rupia ilikoma lini, na msomaji atajihesabia. Hapo Bi Kidude hajafutwa. Amewekwa katika wasifu wake kwa sauti yake mwenyewe, na sentensi hiyo ina uhai kuliko tarakimu nne za kubuni.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo ni la watu wa huku: haya ni ya watu wa Dar es Salaam wenye maktaba na mahakama mlangoni, mtu wa Idete atayafanyaje? Ni kweli Maktaba ya Taifa iko mbali, na nauli ya kwenda kufunua magazeti ya zamani si ndogo. Lakini hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani siku hizi zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure, na simu ile ile inayofungua Instagram inaifungua. Na kuna hifadhi moja ambayo vijiji vinayo kuliko hata mjini. Kabla filamu hazijahamia kwenye simu, zilikuwa zikija Ifakara kwa kasha, zikaonyeshwa katika vibanda vya video kwa jenereta, na baadhi ya makasha hayo bado yamo kwenye maboksi ya viatu. Mbele kuna picha kubwa na maneno ya kuvutia wateja, hayo hayana kazi. Ligeuze. Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna majina ya washiriki, mtayarishaji, kampuni ya usambazaji, mara nyingi na mwaka. Ukiiwasha filamu yenyewe, majina yanayopita mwanzoni na mwishoni ndiyo ushahidi wa nani alicheza nini, ushahidi uliotengenezwa na waliokuwepo, wakati huo huo, kabla umaarufu haujaanza kubadilisha kumbukumbu. Hakuna ukurasa wa mtandaoni unaoushinda kwa jambo hilo, na Dar es Salaam makasha mengi yalikwishatupwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama kwako kuna kasha la filamu ya Kiswahili ya miaka ya 2003 hadi 2012, lisiwashiwe moto wa takataka. Lipige picha nyuma, herufi zisomeke, andika umelipata wapi na lini, umpelekee kijana wa jirani anayeandika Wikipedia. Akikushukuru, muulize ule mwaka wa kuzaliwa wa mwigizaji alioandika wiki iliyopita ameutoa wapi.